Mtoto harefuki, tumbo linamuuma: si kila mara ni minyoo

Mama mmoja wa Tanga ninayefahamiana naye hapa Uingereza alishtuka siku ya kumvalisha mwanawe nguo za Idi. Suruali ya mwaka juzi ilimwenea kama siku iliyonunuliwa. Kijana ana miaka 12, na mdogo wake wa miaka 10 ameshampita kimo.

Mtoto hakuwa akiharisha. Tumbo lilimuuma mara moja moja, hasa baada ya kula, alichoka mapema na chakula alikuwa akikidonoa tu. Alishapewa dawa ya minyoo mara mbili, bibi yake akaagiza mwarobaini kwa simu kutoka nyumbani, na daktari wa kwanza akasema ni wasiwasi wa kuhamia shule mpya. Ukapita karibu mwaka mzima. Majibu yalipotoka, ulikuwa ni ugonjwa wa Crohn.

Ndugu wasomaji, jina hili ni geni kwa wengi wetu. Limetokana na Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye pamoja na wenzake wawili waliueleza ugonjwa huu mwaka 1932. Ni mmoja kati ya magonjwa mawili makubwa ya uvimbe sugu wa utumbo. Mwenzake hushika utumbo mpana tu na kuutia vidonda, wakati Crohn huweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Tusiyachanganye haya na vidonda vya tumbo tulivyovizoea. Hapa kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia utumbo, na kurithi pamoja na mazingira vyote huchangia.

Tulivyozoea kuambiwa, mgonjwa wa Crohn huumwa tumbo, huharisha na hukonda. Lakini uchunguzi uliofanywa Uingereza na Ireland kati ya 1998 na 2000, kwa watoto zaidi ya 700 wa chini ya miaka 16 waliokuwa wamegunduliwa karibuni, ulionyesha kuwa ni robo tu ya wenye Crohn waliokuwa na dalili zote tatu kwa pamoja. Karibu nusu hawakuwa wakiharisha. Wengine walifika kwa daktari na uchovu, kukosa hamu ya kula, au kutokua tu, basi.

Hili la kutokua ndilo linalonikera, kwa sababu sisi husema kirahisi kwamba mtoto karithi ufupi wa babu yake. Uvimbe unaoendelea mwilini huizuia homoni ya ukuaji kufanya kazi, na mtoto naye hula kidogo kwa kuogopa maumivu. Kubalehe hukawia. Mifupa ina muda wake, ikishafunga haiongezeki tena.

Ziko dalili nyingine: vidonda vya mdomoni vinavyorudi rudi, maumivu ya viungo, macho mekundu, homa zisizoeleweka, na michubuko au vinyama kwenye njia ya haja kubwa. Hicho cha mwisho kijana wa miaka 13 hawezi kumwambia mama yake, na sisi nyumbani kwetu habari za choo ni mwiko kuzizungumza. Ule ugonjwa wa utumbo mpana hujitangaza zaidi, kwa damu chooni na kukimbilia choo usiku, ndiyo maana hugunduliwa mapema kuliko Crohn.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Watoto wa wahamiaji wanaokulia huku, hatari yao hukaribia ile ya wenyeji.

Kwa walioko nyumbani kuna mtego mwingine. Kifua kikuu kinaweza kushika utumbo, na hufanana mno na Crohn hata daktari akitazama kwa kamera. Dawa za kutuliza kinga akipewa mwenye kifua kikuu, humzidishia. Kichocho na amiba navyo huleta damu chooni. Kwa hiyo hata ukiwa London, mwambie daktari kama mtoto alikwenda likizo nyumbani, aliogelea wapi, na kama aliishi na mtu mwenye kifua kikuu.

Vipimo huanza na damu na kinyesi, ambamo hutafutwa protini iitwayo kalprotektini, kisha kamera na kipande kidogo cha utumbo cha kuchunguzwa. Lakini nenda pia na kadi ya kliniki, ile ambayo wengi wetu huitupa mtoto akishafika miaka 5. Yule mama alikuwa nayo. Daktari wa pili aliongeza kimo cha sasa juu ya vile vya zamani, akaona mstari umelala.

Matibabu ya kwanza ya kijana hayakuwa vidonge. Alipewa maziwa maalumu ya hospitali, hayo tu kwa wiki 8 bila chakula kingine, njia inayotumika sana kwa watoto wenye Crohn kutuliza uvimbe huku wakipata lishe. Wiki ya pili, mama yake aliacha kupika pilau hadi amalize.