Mfano wa jahazi usiofuata rangi ya fundi hupotosha historia

Katika kisiwa cha Lamu, kuchonga mifano midogo ya majahazi ni kazi inayokwenda sambamba na uundaji wa vyombo vyenyewe. Omo, mlingoti, foromali na tanga hupimwa kwa uangalifu. Lakini ifikapo zamu ya rangi, wachongaji wengi hupaka inayowapendeza, hali ya kuwa rangi ya chombo ina sababu na utaratibu wake.

Umuhimu wa jambo hili unadhihirika katika habari za mtepe. Chombo hicho mashuhuri cha visiwa vya Lamu kilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, kikasafiri kwa tanga la mkeka. Mwaka 1941, mtaalamu Mwingereza James Hornell aliandika makala juu ya mitepe ya Lamu, wakati ambapo uundaji wake ulikuwa umekwisha kufifia.

Leo hakuna mtepe wa zamani unaoelea. Anayetaka kuujua hurejea maandishi, picha chache na mifano iliyohifadhiwa, ikiwemo ile ya Makumbusho ya Lamu. Kwa hiyo mfano uliotengenezwa kama pambo umegeuka kuwa shahidi, na kila kosa la mchongaji wake hupokewa kama ukweli.

Wapenzi wa mifano ya zana za vita huko Ulaya wanaielewa hatari hiyo. Kufuatia amri ya Februari 1943, vifaru vya Ujerumani vilitoka kiwandani vikiwa na rangi ya manjano iliyokoza, na askari wakapewa rangi ya kijani na ya hudhurungi ili wachore mabaka wenyewe. Kuanzia Agosti 1944, viwanda vikaagizwa kuyapaka mabaka hayo. Hivyo, mchongaji hana budi kujua kwanza ni rangi ipi iliyotoka kiwandani na ipi iliyoongezwa baadaye.

Kwa upande wa jahazi, kiwanda ni ufuo, kama ule wa kijiji cha Matondoni, magharibi mwa kisiwa cha Lamu. Baada ya mbao kupigiliwa kwenye mataruma, mafundi hutia kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta, katika nafasi zilizo baina ya mbao. Ndipo chombo huwa tayari kupakwa.

Kwa desturi, sehemu ya juu ya maji hupakwa sifa, mafuta yatokanayo na maini ya papa. Sifa hupenya ndani ya mbao na kuikinga isipasuke kwa jua na chumvi. Rangi yake ni ya mti wenyewe, ambayo huzidi kuwa nyeusi kila mafuta yanaporudiwa.

Sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili kuwazuia wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Deheni huacha weupe usiong'aa. Mpaka baina ya weupe huo na weusi wa juu huonyesha mahali maji yanapofika chombo kikiwa na shehena.

Mapambo huja mwisho. Omo la jahazi la Lamu husimama karibu wima, na kila upande huwekwa jicho la duara, ambalo mara nyingi huwa na alama ya mwezi na nyota. Siku hizi rangi za makopo zimechukua nafasi kubwa, na mwenye chombo huweza kuchagua apendavyo.

Isitoshe, rangi ya ufuoni haidumu. Jahazi hupandishwa pwani kwa maji ya bamvua, likaegemezwa kwenye magadi, likakwanguliwa chaza na kupakwa deheni upya. Chombo kilichoshushwa jana na kile kilichorejea safarini havifanani.

Kwa sababu hiyo, mchongaji anapaswa kuamua mapema anaonyesha jahazi la wakati gani. Ikiwa ni la zamani, vanishi inayong'aa haifai, kwani sifa na deheni hazing'ai kama kioo. Sehemu ya juu iwe ya hudhurungi iliyofifia kwa jua, na ya chini iwe nyeupe yenye madoa. Ikiwa ni la siku hizi, rangi za makopo ni halali, mradi zinakiliwe kutoka chombo kinachojulikana.

Lililo jepesi zaidi ni kuandika chini ya mfano jina la chombo kilichoigwa, bandari yake, mwaka na vitu kilivyopakwa. Maandishi hayo hayachukui nafasi wala gharama, na laiti yangekuwako chini ya kila mfano wa mtepe, maswali mengi yanayoulizwa leo yangekuwa na majibu.