Njaa ya Kiroboto na Ugonjwa wa Tauni



Panya akifa ndani ya nyumba, wengi wetu hufurahi. Mwenye nyumba humshika mkia, akamtupa uani, akashukuru kwamba mahindi yake yamesalimika. Lakini penye tauni furaha hiyo ni ya hatari. Panya amekufa, viroboto wake wangali hai, nao wana njaa.

Tauni si hadithi ya kale tu. Katika Kongo yetu inajulikana huko Ituri tangu miaka ya 1920, na katika miaka ya 2020 na 2021 iliwashika tena watu wa Rethy. Katika Tanzania, wilaya ya Lushoto ilianza kuteswa nayo mwaka 1980. Ituri ni mbali na Kalemie. Hata hivyo sisi wenye bandari na reli, tunaopokea magunia kutoka pande nyingi, na panya pamoja nayo, yatupasa kuielewa.

Mwaka 1894 mganga Alexandre Yersin aligundua vijidudu vya tauni huko Hong Kong. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha, huko Karachi, ya kuwa kiroboto ndiye avichukuaye. Swali likabaki: kiroboto hunyonya damu, basi humtiaje mtu ugonjwa? Bacot na Martin walilijibu huko Uingereza mwaka 1914.

Mbele ya tumbo la kiroboto pana mlango mdogo wenye miiba, uzuiao damu isirudi nyuma. Akinyonya damu ya panya mgonjwa, vijidudu huweza kushikamana katika miiba ile, vikafanya utando wa kunata, hata mlango ukazibika. Tangu hapo kiroboto hunyonya kwa nguvu, lakini damu haishuki tumboni. Hurudi katika jeraha, imechanganyika na vijidudu. Naye, kwa kuwa hashibi, huuma tena na tena, mpaka afe kwa njaa baada ya siku chache. Njaa yake ndiyo inayotuangamiza sisi.

Viroboto wote hawako sawa. Yule wa panya huzibika kwa urahisi. Yule wa paka ni mara chache. Hata chakula chenyewe kina maana: wataalamu walionyesha mwaka 2018 ya kuwa damu ya panya wakubwa, iyeyushwayo polepole tumboni mwa kiroboto, huleta kizuizi kuliko damu ya panya wadogo. Tena kiroboto aweza kuambukiza hata kabla mlango haujazibika kabisa.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusiguse panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Na wakifa wengi bila sababu, tuwaarifu waganga mara moja. Pili, penye tauni tusianze kwa kuua panya. Dawa ya kuua viroboto itangulie, ndipo mitego ifuate. La sivyo, viroboto walionyimwa panya watamgeukia mtoto alalaye mkekani. Tatu, tuweke nafaka mbali na mahali tunapolala, katika vyombo vyenye vifuniko.

Mtu akishikwa na homa kali ya ghafula, pamoja na mtoki wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, apelekwe hospitali siku ile ile. Dawa zipo, nazo huponya zikianzwa mapema. Akikohoa damu, hatari ni kubwa zaidi, kwa maana tauni ya mapafu hupita kwa pumzi kutoka mtu hata mtu.

Wako wanaomficha mgonjwa kwa aibu, au wanaotafuta mchawi aliyemroga. Hao humpotezea ndugu yao saa zile ambazo dawa ingemponya. Mwaka 1576 tauni ilipoingia Milano, wakubwa wengi walikimbia. Mtakatifu Karoli Borromeo, askofu wa mji, alibaki na wagonjwa. Leo upendo huo hautudai kufa: watudai kufagia nyumba, kusema kweli, na kumchukua jirani kwa mganga kabla jua halijatua.