Je, Wajua? Pentekoste Ilianzia Shambani

Jumapili ya Pentekoste, makanisa ya Kombewa, huko Seme, Nyanza, huimba habari za Roho Mtakatifu. Hata hivyo, sikukuu yenyewe ilikuwa ya wakulima.

JE, WAJUA…

• …kwamba umati wa Matendo 2 ulikuja Yerusalemu kwa ajili ya mavuno ya ngano? Sikukuu hiyo ya Majuma, yaani Shavuot au Pentekoste, ni mojawapo ya sikukuu tatu ambazo kila mwanamume wa Israeli alipaswa kuhudhuria mbele za Mungu. Ndiyo maana Petro aliwahubiria watu wa Misri, Libya na Rumi kwa mpigo mmoja.

• …kwamba hesabu ya siku 50 hadi sikukuu hiyo ilianza na mganda wa kwanza wa shayiri, wakati wa Pasaka? Kabla ya mganda huo kutolewa, ilikuwa marufuku kula mkate, bisi au masuke mabichi ya mavuno mapya. Paulo humwita Kristo aliyefufuka limbuko: mganda mmoja umekubaliwa, shamba zima linafuata.

• …kwamba Wajaluo nao wana utaratibu wao wa msimu? Katika golo kodhi, desturi ya kupanda, mbegu za mikayi, mke mkubwa, hutangulia udongoni. Wengine hufuata kwa ukubwa wao bomani.

• …kwamba Pasaka hukataa chachu, lakini mikate miwili ya Sikukuu ya Majuma iliamriwa iwe nayo? Wafasiri wengi wa Kikristo wameona humo Wayahudi na Mataifa, wote wenye dosari, wakipokelewa pamoja.

• …kwamba, kwa mapokeo ya Kiyahudi, Shavuot ndiyo siku Torati ilipotolewa Sinai? Baada ya Waisraeli kuabudu ndama wa dhahabu, walikufa watu wapatao 3,000. Siku ya Pentekoste walibatizwa wapatao 3,000.

• …kwamba misheni ya Kianglikana ya CMS ilifika Maseno, jirani ya Kombewa, mwaka 1906? Agano Jipya la Kidholuo lilitoka 1926, na Biblia nzima 1953. Muujiza wa kila mtu kusikia kwa lugha yake ukaweza kusomwa kwa Kidholuo.

• …kwamba Nyanza ina makanisa yaliyojengwa juu ya Pentekoste yenyewe? Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyeongoza vuguvugu la Roho, aliuawa Musanda Januari 1934. Wafuasi wake waliendelea, na Ruwe Holy Ghost Church ni miongoni mwa matunda yake.

• …kwamba Kombewa husherehekea kabla ya kuvuna? Pentekoste huangukia kati ya 10 Mei na 13 Juni. Mahindi ya chwiri, mvua ndefu, bado yako shambani. Uvuvi wa omena nao kwa kawaida hufungwa Aprili hadi Julai. Ghala ni jepesi. Lakini kwa Paulo, katika Warumi 8, Roho ndiye malimbuko: waumini wameonja, na bado wanaugua wakingoja. Mkulima wa Seme hahitaji kufafanuliwa hilo.

• …kwamba wakati wa Shavuot husomwa kitabu cha Ruthu, mjane mgeni aliyeokota masazo? Walawi 23, mara tu baada ya kuamuru sikukuu hii, yakataza kuvuna pembe za shamba: ni za maskini na mgeni. Kombewa bado ina wiki kadhaa za kuamua ni mistari gani ya mahindi itakayoachwa.