Kwa nini Spider-Man wa baba mdogo anageuka rangi ya chai

Likizo iliyopita nilienda nyumbani Sirari. Hata begi sijalitua vizuri, baba mdogo akanivuta chumbani kwake, akainama na kutoa tranka la bati chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na mali yake ya miaka yote: majarida ya katuni. Kuna Sani za zamani zenye Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Kuna nakala mbili za African Film, zile za picha za yule mpelelezi Lance Spearman na kofia yake. Kuna Spider-Man za Marekani, na kuna zile za kutisha, The Tomb of Dracula, ambazo tulipokuwa watoto tuliruhusiwa kuzisoma mchana tu.

Akachukua Spider-Man mmoja, akafungua ukurasa wa katikati. Kona ikakatika, ikabaki mkononi mwake kama kipande cha biskuti.

“Wewe si umesomea mambo ya mbao?” akaniuliza. “Haya, niambie mwanangu, huyu anaumwa nini?”

Nilicheka, lakini swali lilikuwa sahihi kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Karatasi ni mti. Na ugonjwa wa Spider-Man wake ulianza siku ile ile mti uliposagwa.

Kwanza niseme alivyoyapata. Sirari ni mpakani. Ukivuka tu uko Isebania, Kenya, na kila kitu kinapita pale, kuanzia sukari hadi magodoro. Enzi za ujana wake vitabu na majarida ya mitumba yalikuwa yakiuzwa kwa mafungu upande wa pili, na yeye alikuwa akirudi na nakala moja au mbili badala ya chenji. Tatizo la kusoma hadithi za kila mwezi kwa mtindo huo ni kwamba huchagui. Una namba ya tatu na ya saba, nne na tano na sita hazipo. Ukifika mwisho unakuta “itaendelea”, na kweli inaendelea, ila siyo Sirari. Kuna Dracula mmoja amekuwa akimfukuza binti fulani kwenye ngazi kwa zaidi ya miaka thelathini, na baba mdogo hadi leo hajui kama alimkamata.

Sasa turudi kwenye mti. Mbao ina vitu viwili vikubwa vya kukumbuka hapa. Cha kwanza ni selulosi, nyuzi ndefu zinazoupa mti na karatasi uimara. Cha pili ni lignini, ambayo kazi yake ni kama gundi: inashikanisha nyuzi ili mti usimame wima. Ukitaka karatasi nzuri ya kudumu, unachemsha vipande vya mbao kwa kemikali hadi lignini nyingi itoke, ubaki na selulosi. Njia hiyo ni ghali, na inapoteza karibu nusu ya uzito wa mbao. Ukitaka karatasi ya bei rahisi, unausaga mti mzima kwa mashine, lignini na yote, kama mtu anayesaga mahindi bila kukoboa. Hiyo ndiyo karatasi ya magazeti. Na kwa miongo mingi ndiyo iliyochapishiwa katuni za Marekani kurasa za ndani, kwa sababu mteja alikuwa mtoto mwenye senti kumi, na hakuna aliyetegemea kwamba jarida lingefika mwaka wa pili.

Lignini ikikutana na mwanga na oksijeni inabadilika. Miale ya jua, hasa ile ya urujuanimno tusiyoiona, inavunja viungo ndani yake na kutengeneza molekuli mpya zinazofyonza mwanga wa bluu. Kitu kikifyonza bluu, kinachorudi machoni pako ni manjano, halafu kahawia. Ndiyo maana kurasa zinaanza kubadilika pembezoni, ambako hewa na mwanga vinafika kwanza, huku katikati ya ukurasa pakibaki peupe kidogo.

Unaweza kulijaribu hili nyumbani. Chukua gazeti la leo, weka rula juu yake, lianike juani siku tatu nne. Ukiondoa rula utakuta mstari mweupe umebaki palepale ilipokuwa. Nililifanya uani mbele ya baba mdogo, na siku ya nne alikaa kimya muda mrefu akiangalia ule mstari. Kisha akaenda kulitoa jarida la Sani alilokuwa amelibandika ukutani, mkabala wa dirisha.

Lakini hapa watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea pia mwaka wangu wa kwanza chuoni. Rangi siyo ugonjwa wenyewe. Angalia mfuko wa saruji: ni wa kahawia kabisa, lakini jaribu kuuchana kwa mkono uone. Ile ni karatasi ya krafti, kama inayotengenezwa Mgololo, Mufindi. Bado ina lignini kiasi, ndiyo maana ni ya kahawia, ila nyuzi zake za selulosi ni ndefu na hazijakatikakatika. Kinachofanya kona ya Spider-Man ikatike ni kitu kingine: asidi.

Selulosi ni mnyororo wa molekuli za glukosi zilizoshikana moja baada ya nyingine kwa mamia na maelfu. Asidi pamoja na maji kidogo hukata viungo vya mnyororo huo. Mnyororo wa elfu unakuwa wa mia tano, kisha mia mbili. Kwa macho huoni kitu, hadi siku unapokunja ukurasa na hakuna tena kinachoushikilia. Asidi inatoka wapi? Nyingine iliingia kiwandani, nyingine inatoka kwenye moshi wa kuni na wa magari, na nyingine karatasi inajitengenezea yenyewe inapozeeka, ikiwemo asidi ya asetiki, ile ile ya kwenye siki. Nusa jarida la zamani, ule uchachu kidogo unaousikia ni karatasi ikijila. Na asidi hiyo inakata minyororo zaidi, minyororo inayokatika inatoa asidi zaidi. Ni mzunguko.

Je, unaweza kuusimamisha? Hapana. Kuupunguza mwendo, ndiyo, tena sana, na ushahidi mzuri unatoka kwa wakusanyaji wenyewe.

Mwaka 1977 muuza katuni mmoja wa jimbo la Colorado, Chuck Rozanski, aliingia kwenye nyumba ya mzee aliyeitwa Edgar Church na kukuta maelfu kwa maelfu ya majarida ya kuanzia miaka ya 1930, yamepangwa marundo marefu yaliyobanana. Yalikuwa na kurasa nyeupe ajabu, wakati nakala ndugu zao, zilizochapwa siku moja kwenye karatasi ile ile, zilikuwa zimegeuka majani makavu kwingineko. Denver iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni baridi na kavu. Marundo yaliyobanana yaliizuia hewa, giza likazuia mwanga. Hakuna aliyepanga, lakini ni jaribio kamili la kisayansi: karatasi moja, umri mmoja, mazingira tofauti.

Zile za kutisha nazo zina kisa chao. Kampuni ya EC ilianza kutoa Tales from the Crypt mwaka 1950. Miaka michache baadaye Marekani ikaingiwa na hofu kwamba katuni zinaharibu watoto, na mwaka 1954 wachapishaji wakajiwekea kanuni kali zilizoua majarida ya namna hiyo karibu yote. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, kuna miji ambako zilichomwa moto hadharani na wanafunzi. Lakini mwenye kampuni, William Gaines, alikuwa ameweka nakala takriban kumi na mbili za kila toleo, zimefungwa na kuhifadhiwa vizuri. Zilipofunguliwa baada ya miongo kadhaa zilikuwa kama zimetoka mtamboni juzi.

Sisi Tarime tuna kipande kimoja cha bahati ya Denver: tuko juu, usiku kunapoa. Hilo si dogo, kwa sababu mwendo wa uharibifu huu unaongezeka karibu mara mbili, pengine zaidi, kwa kila nyuzi kumi za joto. Kipande cha pili hatuna. Mvua zetu ni nyingi, na unyevu ndio maji yanayohitajika ili asidi ikate. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70 kwa muda, ukungu nao unaota. Halafu kuna mchwa, ambaye selulosi kwake ni ugali.

Baba mdogo alikuwa na mpango wake. Alitaka kuyapeleka yote stesheni yakafanyiwe lamineshani, na moja alishalifanya: ukurasa wa Ndumilakuwili, unang'aa kama kitambulisho. Ikabidi nimwambie ukweli. Lamineshani inaupasha ukurasa moto, inaugandisha na gundi isiyotoka tena, na inaifungia asidi humo humo ndani. Seloteipu ni hivyo hivyo. Gundi yake huloweka karatasi na kuacha doa la kahawia. Hakufurahi. “Basi huyu nimemzika hai,” akasema, na kwa kweli sikuwa na jibu zuri.

Tulichofanya badala yake hakikugharimu sana. Tranka lilipelekwa chumba cha mbali na jiko la kuni, likainuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta. Kulipandisha darini nilikataa, maana chini ya bati mchana ni tanuri. Kila jarida liliwekwa ndani ya mfuko wa plastiki wa polipropilini. Ile laini ya PVC, yenye harufu kali ikiwa mpya, usitumie. Inatoa kemikali zinazodhuru karatasi. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu tulivianika kwanza juani, kisha tukavitupia ndani vinyonye unyevu. Pini zilizoshika kutu tulizitoa polepole kwa kisu butu, tukashona kwa uzi wa pamba. Sani tulizipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, usiku mbili mfululizo.

Kwa nini Sani na siyo Spider-Man? Kwa sababu Spider-Man ana walinzi. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ile ya Superman iliyouzwa senti kumi, nakala moja iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024, na kwa bei hizo Wamarekani watavilinda vyao. Sani ilianzishwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake ni silabi za mwanzo za majina yao. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wake wakubwa, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana sana. Mistari aliyoichora iko kwenye karatasi ya bei rahisi, basi. Ndiyo, sheria inamtaka mchapishaji kupeleka nakala Maktaba Kuu ya Taifa, lakini nakala za mitaani ziliazimwa hadi zikachakaa, kisha zikafungia karanga. Ukiwa na hata nne, usizidharau.

Juzi baba mdogo kanipigia. Vifuko vya unyevu vimeshaanikwa mara mbili, mchwa hajaonekana. Halafu akaniuliza kama huku mjini siwezi kumtafutia Dracula ile inayofuata.