Kiziba kimoja, samaki wa namna mbili: nani anaweza kukaa na nani?

Wandugu wanamemba, tuanze na siku moja ambayo hatujaisahau. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane, katika bonde la Ruzizi. Koperative moja ilikuwa inatoa maji ndani ya kiziba chao cha are mbili. Wamama walikuja na mabeseni, wauzaji walikuwa wanangojea tangu asubuhi, na kila mutu alikuwa anahesabu minervali ya watoto, juu masomo yanaanza mwezi wa tisa.

Maji yakashuka. Tukaona kambale wanene wanajizungusha katika matope. Lakini tilapia hawakujaza hata beseni moja, na waliingia 400. Mama mmoja akatuuliza: «Bwana agronome, tilapia zetu zimeenda wapi?»

Zilikuwa zimeenda ndani ya tumbo za kambale. Na sehemu ya kosa ilikuwa yetu. Tuliwaambia wanamemba watie kambale pamoja na tilapia, lakini hatukuwaambia kambale wa kipimo gani, wala siku gani. Wao walikamata kambale wakubwa katika mabwawa ya mto, wakawatia siku moja na alevini.

Kuchanganya samaki si vibaya. Tilapia peke yake ana shida yake: anaanza kuzaa akiwa na miezi miwili ao mitatu tu. Mama anachunga mayai na watoto ndani ya kinywa, kwa hiyo wengi wanapona. Nyuma ya miezi sita kiziba kimejaa watoto, wote wanagombania chakula, na hakuna anayefikia kipimo cha sahani. Kambale akiingia vizuri, anakula wale watoto, na wakubwa wanapata nafasi ya kunenepa. Lakini mbele ya kuweka samaki wawili pamoja, muulize maulizo matatu.

Ulizo la kwanza: kinywa. Samaki anakula kila kitu kinachoingia katika kinywa chake. Kwa hiyo musitazame jina lake, mutazame kipimo. Tieni tilapia kwanza, wawili kwa kila metre moja ya mraba, ni kusema 200 kwa are moja. Mungoje karibu miezi miwili, mpaka tilapia wafikie upana wa kiganja na watoto wa kwanza waanze kuonekana pembeni. Hapo ndipo mutie kambale 20 kwa are, wenye urefu wa kidole. Kinywa chao kinatosha kwa mtoto wa tilapia, hakitoshi kwa mzazi. Na wale kambale wawe wa kipimo kimoja, juu kambale mkubwa anakula pia ndugu yake mdogo.

Ulizo la pili: tumbo. Majirani wazuri hawagombanii sahani moja. Tilapia ya Nil anakula zaidi vile vijani vidogo vinavyofanya maji yawe na rangi ya majani, vinavyozaliwa na samadi na kompositi. Kambale anatafuta chini, katika matope: wadudu, vyura, mabaki. Kuko pia tilapia rendalli, ambaye anapenda majani yenyewe, kama matembele na sombe. Jambo hili si la leo. Katika miaka ya 1950, kwenye kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi, walikuwa wakifuga rendalli pamoja na tilapia macrochir: mmoja anakula majani, mwingine anakula vile vijani vidogo vya maji.

Ulizo la tatu: uzazi. Hapa wengi wanadanganyika. Macrochir na tilapia ya Nil wanafanana, wote wanachunga watoto katika kinywa, na mukiwaweka pamoja wanazaliana wao kwa wao. Mbegu inachanganyika, na koperative inayouza alevini haijui tena inauza nini. Muchague mmoja kati yao. Kambale yeye, kwa kawaida hazai ndani ya kiziba, anangojea maji ya mafuriko. Kwa hiyo kila mara mutahitaji kutafuta kambale wadogo wengine. Muweke feza hiyo katika hesabu tangu mwanzo.

Mambo mengine ine ya kuchunga:

Moja, kambale anavuta pia hewa ya juu na anajificha katika matope. Kiziba kikiisha kutoka maji, musijaze tena mara moja. Muache kikauke mpaka matope yapasuke. Kambale mmoja mzee aliyebaki chini anatosha kuharibu alevini nyingi za mzunguko unaofuata.

Mbili, usiku wa mvua kambale anaweza kutembea juu ya majani na kwenda zake. Diga ipite maji kwa sentimetre 30 ao zaidi.

Tatu, tieni kichujio kwenye mlango wa maji na kwenye kitokeo, ili samaki wa mto wasiingie bila ruhusa.

Ine, kwenye milima ya juu, ambako maji ni baridi, tilapia anakua polepole. Kule miezi miwili haitoshi. Musihesabu siku, mushike nyavu na kupima samaki.

Ile koperative ya Ruzizi haikuacha. Walikausha kiziba, wakatia tilapia peke yao, na kambale wa kidole wakaingia nyuma. Safari iliyofuata mabeseni yalijaa. Minervali haikulipwa yote, juu deni la mwaka wa nyuma lilikula sehemu, lakini hakuna mtoto wa mwanamemba aliyefukuzwa shuleni kwa ajili ya feza. Yule mama alitupa kambale mmoja tubebe nyumbani, akasema: «Huyu alikula kidogo, hakukula vyote.»

Katika mkutano wenu unaokuja, mbele ya kununua alevini, muulizane pamoja: kinywa, tumbo, uzazi. Kama ulizo moja halina jibu, ngojeni kwanza.