Picha ya Mama Wakati wa Mgao

Baba yangu alipofariki, nyumbani Muheza hatukuwa na picha yake hata moja ya maana. Tuliikuza ile ya kitambulisho, uso ukatoka na ukungu kama wa mtu aliyekaa nyuma ya chandarua. Kwa hiyo Mama alipokuja Soweto Julai 2023 kunitembelea kwa wiki tatu, niliapa hataondoka bila kupigwa picha ya kutundika ukutani.

Mimi ni muuguzi. Stashahada niliipata Tanzania, shahada nikaisomea huku, na nimepanga Orlando West kwa bibi mmoja tunayemwita Gogo. Mama alipolisikia jina hilo alifurahi, akamuuliza ametokea Dodoma sehemu gani. Ikabidi nimweleze kwamba kwa Kizulu gogo ni bibi.

Tulianza na simu, ikatushinda. Flashi yake iko jirani na lenzi, hivyo mwanga unampiga mtu usoni moja kwa moja: paji linang'aa, mashavu yanakuwa bapa. Ukiizima, nasi weusi tukisimama mbele ya ukuta mweupe, simu inapima ukuta na uso unazama gizani. Mama alitazama akasema, "Huyu si mimi, mwanangu."

Nikaitoa kamera yangu ya zamani, Rolleicord ya miaka ya 1960, yenye lenzi mbili: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Hutumia mkanda wa 120 na kutoa picha 12 tu za mraba, karibu sentimita 6 kwa 6. Negativu yake ni zaidi ya mara tatu ya ile ya mkanda wa milimita 35, ndiyo maana ukiikuza mikunjo ya uso haipotei. Tena shata yake imo ndani ya lenzi, hivyo inakubaliana na flashi kwa kasi zote hadi 1/500. Kamera zenye shata ya pazia zina kikomo. Ukikivuka, sehemu ya picha hutoka nyeusi.

Flashi niliiweka kwenye stendi, mbali na kamera, nikaiwasha kwa rimoti ya redio: kitumaji kwenye kamera, kipokezi chini ya flashi. Kamera hii ina tundu dogo tu la waya wa flashi, kwa hiyo niliunga kitumaji kwa waya mfupi na kukibandika ubavuni kwa plasta ya kidonda.

Mkanda wa kwanza ulirudi kutoka kusafishwa ukiwa karibu mtupu, ingawa flashi niliiona ikiwaka mara zote 12. Kosa lilikuwa langu. Kwenye lenzi kuna kiswichi chenye herufi M na X. M ni ya balbu za flashi za kizamani, zilizochelewa kufikia mwanga wake kamili, kwa hiyo kamera huziwasha kabla shata haijafunguka. Flashi ya leo ikiwashwa mapema hivyo, inamaliza kazi mlango ungali umefungwa. Nilikuwa nimeiacha kwenye M, na Mama alikuwa amebakiza siku nne.

Safari hii nilikagua mara mbili, kama tunavyokagua dawa kabla ya kumpa mgonjwa. Nilisogeza kiswichi hadi X, nikafungua mgongo wa kamera kabla ya kuweka mkanda, nikaielekeza kwenye flashi na kubonyeza. Ukiona mwanga umepita ndani ya lenzi, shata na flashi vimepatana. Kisha niliazima kamera ya dijitali kwa mfanyakazi mwenzangu, nikaipanga sawasawa na yangu, nikajaribia kwa Gogo hadi uso wake ukakaa vizuri.

Jioni hiyo mgao ukakata umeme. Haikutusumbua: flashi na rimoti ni za betri, na Rolleicord haihitaji hata betri. Gogo aliwasha taa ya mafuta. Flashi niliiweka kushoto kwa Mama, juu kidogo ya kichwa, mita moja na nusu, ikipita kwenye mwavuli mweupe ili mwanga uwe laini. Tundu la lenzi, f/8, lilitawala mwanga wa flashi. Kasi ya shata ilitawala ule wa taa. Kwa 1/125 taa ingeonekana kama imezimwa, hivyo nilifunga kamera kwenye stendi na kushuka hadi 1/8.

Koti nililomnunulia Mama alilikataa, akajifunga kanga. Nilimkumbuka Santu Mofokeng, mpiga picha aliyezaliwa Soweto 1956, aliyekusanya picha za zamani za familia za Waafrika wa nchi hii, zilizopigwa kati ya 1890 na 1950. Wengi wao walivaa na kukaa walivyotaka kukumbukwa. Nikaacha kubishana kuhusu koti.

Picha tisa zilitoka vizuri. Moja niliikuza na kumpa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Tanga. Mama ameitundika sebuleni, kando ya ile ya Baba ya kitambulisho. Nakala ya Gogo, wakiwa wawili na taa katikati, iko juu ya friji.

Ndugu msomaji, mzazi wako akija kukutembelea, usingoje siku ya uwanja wa ndege. Anza wiki ya kwanza, ili mkanda ukiharibika upate nafasi ya kurudia.