Mpita Njia na Msimuliaji: Saussure mbele ya ubao wa sataranji

Mwanafunzi wa isimu hukutana na sataranji mapema. Katika Cours de linguistique générale, kitabu kilichotolewa mwaka 1916 baada ya kifo chake, Ferdinand de Saussure analinganisha lugha na mchezo huo. Kwake, mpangilio wa kete kwa wakati fulani unajitosheleza: aliyefuatilia mchezo tangu mwanzo hamzidi kitu mpita njia anayefika sasa hivi. Kwa anayechunguza lugha jinsi ilivyo katika kipindi kimoja, hoja hiyo ina nguvu. Kwa anayechunguza masimulizi, tofauti kati ya watazamaji hao wawili ndiyo hadithi yenyewe.

Tuchukue mchezo mmoja maarufu. Mwaka 1858, katika jumba la opera mjini Paris, Paul Morphy, Mmarekani wa miaka 21, alicheza na makabaila wawili walioshauriana, Duki wa Brunswick na mwenzake Isouard. Aliwashinda kwa hatua 17.

Mpita njia akifika mwishoni, anaona Morphy amebaki na mfalme, ngome moja, askofu mmoja na askari wadogo. Wapinzani bado wana malkia, ngome, askofu na farasi, lakini mfalme wao amekwama. Anajua nani ameshinda. Hajui kwamba umaskini wa mshindi ulikuwa wa hiari.

Aliyefuatilia anajua. Katika hatua ya 10 Morphy alitoa farasi ili kubomoa ukuta wa askari. Katika ya 13 alitoa ngome ili kumwondoa farasi aliyemkinga mfalme. Katika ya 16 alimpeleka malkia wake mahali ambapo wapinzani hawakuwa na hatua nyingine ila kumla kwa farasi. Farasi alipoondoka, njia ilifunguka, ngome ya mwisho ikaingia. Wakati huo wote, askofu mmoja na ngome moja ya wapinzani hawakuwahi kusogea: wahusika waliobaki nyumbani vita vikipiganwa nje.

Hapa kuna somo la nadharia. Kumpoteza malkia kwa uzembe na kumtoa kwa makusudi huacha alama ileile ubaoni. Kinachovitenganisha ni kilichotangulia na kinachofuata. E. M. Forster, katika Aspects of the Novel (1927), alitofautisha matukio yanayofuatana tu na matukio yanayofungwa na sababu. Orodha ya hatua 17 inatupa mfuatano. Msuko huanza pale mfafanuzi anapoeleza kwa nini.

Tena, kanuni za sataranji zenyewe zina kumbukumbu. Mfalme aliyewahi kusogea, hata akirudi mahali pake pa mwanzo, hana tena haki ya roque. Ubao hauonyeshi jambo hilo. Historia ya mchezo ndiyo inayolijua. Kwa hiyo hata mfano wa Saussure hauko huru na wakati kama ulivyotakiwa kuwa.

Jambo hili linatuhusu kila tunapofanya mtihani wa fasihi kwa kutegemea muhtasari. Muhtasari wa riwaya hutuonyesha ubao wa mwisho: nani amekufa, nani ameoa, nani ametawala. Ni taarifa sahihi, ila ni ya mpita njia. Kilichotolewa ili mwisho huo ufikiwe hakimo ndani yake.